Kituo, Ziara za Nyumbani au Uwanja Wenye Miti: Mtaa Wenu Uanze na Kipi?

Mkutano wa mwisho wa mtaa wetu uliisha saa kumi na mbili jioni bila uamuzi. Ajenda ilikuwa watoto wadogo, wale ambao bado hawajafikia darasa la awali. Michango yetu, tukijumlisha na ahadi ya mfanyabiashara mmoja wa hapa hapa, inatosha kuanzisha jambo moja. Watu wakagawanyika mafungu matatu. Akina mama wa sokoni walitaka kituo cha kulelea watoto mchana. Mhudumu wetu wa afya ngazi ya jamii aliomba fedha ziende kwenye ziara za nyumbani. Wazee wakauliza watoto watacheza wapi siku kile kiwanja cha mwisho kitakapojengwa fremu.

Tangu siku hiyo nimezunguka. Nimeshuka mwaloni Igombe alfajiri, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, nimekaa barazani kwa watu huku Mabatini, nimesoma yaliyofanywa nchi nyingine. Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za jiji letu la Mwanza, kwa pamoja zilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.1 kwenye sensa ya 2022, kwa hiyo najua mtaa wetu hauko peke yake kwenye njia panda hii. Upande wangu ninao na nitausema wazi, ila kwanza tuviangalie vyote vitatu.

Mtoto anahitaji nini hasa

Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayofahamika kwa kifupi PJT-MMMAM, kwa ajili ya watoto hadi umri wa miaka 8. Inataja mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Hilo la malezi yenye mwitikio linawasumbua wengi kulielewa. Mimi nilifafanuliwa na muuguzi mmoja wa kliniki: mtoto akitoa sauti, kuna mtu anamjibu? Akinyoosha kidole, kuna mtu anatazama kule anakoonyesha? Basi, ndiyo hayo.

Kuhusu lishe, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Sisi wa kando ya ziwa tunaweza kudhani haituhusu, maana dagaa wapo, sato wapo, viazi vipo, michembe, yaani viazi vilivyokaushwa, ipo ndani. Lakini mtoto anayeharisha kila mara kwa sababu ya uchafu, au anayekula asubuhi na kusubiri hadi usiku kwa kuwa mama yuko kazini mchana kutwa, hudumaa hata samaki wakijaa sokoni.

Taasisi ya Van Leer ya Uholanzi, zamani ikiitwa Bernard van Leer, ina mpango uitwao Urban95. Hiyo 95 ni sentimita, kimo cha mtoto wa miaka mitatu mwenye afya, na viongozi wa miji wanaombwa wautazame mji wao kutoka kimo hicho. Nilijaribu. Nilichuchumaa jioni kando ya barabara karibu na Mto Mirongo. Ukiwa chini kiasi hicho huoni duka wala mwembe. Unaona matairi ya bajaji, moshi wa bodaboda unakupiga usoni, mtaro wazi wenye maji meusi, na magoti ya watu wenye haraka. Nikaegemea jiwe, mojawapo ya haya mawe yetu makubwa. Jua lilikuwa limeshazama lakini jiwe lilikuwa bado la moto. Mtoto wa jirani yangu analala hatua tatu kutoka kwenye jiwe kama hilo, chini ya bati.

Kituo cha kulelea watoto mchana

Faida ya kwanza ya kituo haihitaji utafiti: kinampa mama nafasi ya kufanya kazi akijua mtoto yuko na nani. Mama aliyeajiriwa analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku kunyonyesha. Mama ntilie hana hata siku moja ya hizo. Muuza mchicha hana. Mwanika dagaa hana.

Igombe nilifika saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mitumbwi ilikuwa inaingia baada ya kuvua usiku kucha kwa taa. Ndoo zinashushwa, watu wanapatana bei, na kabla hakujapambazuka vizuri akina mama wameshaanza kutandaza dagaa. "Mwangaluka mayu," nilimsalimu mmoja kwa Kisukuma, akaitika bila kuinua kichwa. Mtoto wake, wa mwaka mmoja na nusu hivi, alikuwa ameketishwa juu ya gunia. Kifundo cha mguu kilifungwa kipande cha kitenge, na ncha ya pili ilifungwa kwenye mguu wa chanja. Nilimuuliza kwa upole kwa nini. Alielekeza kidevu majini, hatua kama kumi na tano kutoka pale, akaendelea kutandaza.

Nimelifikiria lile fundo la kitenge kuliko kitu kingine chochote katika safari hizi. Mama yule anajua hatari iliko na ameitafutia dawa kwa kile alichokuwa nacho. Shirika la Afya Duniani linapendekeza malezi ya mchana kwa watoto ambao hawajafika umri wa shule kama njia mojawapo ya kuzuia vifo vya kuzama. Bangladesh, nchi iliyojaa madimbwi na mito, ina vituo vya vijijini viitwavyo anchal ambavyo hufunguliwa saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, kwa sababu huo ndio muda mama amebanwa na kazi na jicho lake haliko kwa mtoto. Waliuliza kwanza hatari inakuja saa ngapi, ndipo wakapanga saa za kufungua.

Kwetu mwaloni saa ni tofauti. Kituo kikifunguliwa saa mbili asubuhi kitakuta mtoto ameshakaa kando ya maji muda mrefu. Tena kuna suala la mwezi, ambalo sikuwahi kulifikiria hadi mama yule aliponieleza alipopumzika. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti samaki vizuri, mitumbwi inakaa ufukweni na fedha inapotea. Kipato chake kinafuata mwezi wa angani, wala si kalenda ya ukutani. Kituo kinachodai ada kila tarehe mosi kitamkosa mara ya kwanza tarehe mosi itakapoangukia mbalamwezi. Mwacheni alipe kwa siku, siku za giza, kidogo kidogo, naye hatakosa.

Kwa mitaa ya ufukweni kuna kichocho pia. Vijidudu vyake hupenya ngozi ya mtu aliye majini, kwa hiyo mtoto anayeogeshwa ziwani anaweza kuambukizwa mapema sana, kabla hajafika shuleni kunakogawiwa dawa. Muda anaoupata kituoni ni muda aliokaa mbali na maji hayo.

Sasa upande wa pili. Kituo kibovu ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Mwanangu wa kwanza alikaa miezi mitano kwenye kituo kimoja ambacho nilikiamini kwa sababu ukuta wake ulichorwa picha nzuri. Siku niliyokwenda kumchukua mapema nilikuta watoto wapatao arobaini ndani ya chumba kimoja, mlezi mmoja na binti wa kumsaidia, runinga ikionyesha katuni. Watoto walikuwa wametulia mno. Nilipomuuliza mlezi wanacheza nje saa ngapi, alisema nje kuna vumbi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 inasema mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji walau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku, mtoto wa mwaka mmoja asiangalie runinga kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja. Mwanangu alirudi nyumbani ameacha kuuliza maswali, na ilichukua muda kuyarudisha.

Kwa hiyo ukichagua kituo, usitazame jengo. Hesabu walezi. Kwa watoto wa chini ya miaka miwili mimi nisingekubali mlezi mmoja awe na zaidi ya wanne, maana hata akiwa na moyo wa namna gani ana mikono miwili. Uliza uji unapikwa na nani, choo kiko wapi, mtoto akiumwa anapigiwa nani simu. Angalia kama mlezi anachuchumaa anapoongea na mtoto. Usajili ni lazima chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Kikundi cha wanawake kinachotaka kuanzisha kituo kinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo wanawake wametengewa asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2.

Ziara za nyumbani

Hili ndilo chaguo lisilopigiwa makofi mkutanoni. Halina jiwe la msingi, halina utepe wa kukata. Mtu anabisha hodi, anakaa mkekani na mama na mtoto, wanacheza saa moja, anaondoka.

Na bado, katika yote niliyosoma, hakuna kilichonishtua kama habari ya Jamaica. Mwaka 1986 na 1987 mjini Kingston watafiti waliandikisha watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, wakawagawa makundi. Baadhi walitembelewa nyumbani kila wiki kwa saa moja, kwa miaka miwili, na wahudumu wa afya wa kawaida waliomfundisha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa makopo na maboksi. Wengine walipewa maziwa ya nyongeza. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa na kipato kilichozidi kwa asilimia 25 cha wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa, na walikuwa wamewafikia wale ambao hawakuwahi kudumaa. Maziwa peke yake hayakuacha alama hiyo ya muda mrefu. Nimewasimulia watu wengi habari hii na kila mara kuna anayeuliza, "Kucheza tu?" Ndiyo, kucheza, lakini kila wiki, miaka miwili, na mama akiwa ndiye mwalimu.

Kwa mitaa ya milimani hili lina uzito wake. Panda Mabatini kwenye zile nyumba zilizobanwa katikati ya mawe, ambako hata bodaboda inaishia chini na mtungi wa gesi unabebwa begani. Mama mwenye mtoto wa miezi minane na ndoo ya maji kichwani hatashuka kwa ajili ya semina ya malezi. Lazima semina impandie yeye. Pia nimeona jinsi kadi ya kliniki inavyosahauliwa juu ya kabati baada ya chanjo ya pili ya surua na rubela, ile ya miezi 18. Mama anaona kazi imekwisha, wakati mtoto bado anatakiwa kupimwa uzito na kupata vitamini A kila miezi sita hadi atimize miaka mitano. Mhudumu akiwa ndani ya nyumba ataiomba kadi, ataifungua, na atamkuta bibi pia, ambaye mara nyingi ndiye anayeamua mtoto aanze uji lini. Hata baba, siku za Jumapili.

Tupige hesabu. Mhudumu mmoja akitembelea familia nne kwa siku, siku tano za wiki, anafikia familia 20. Mtaa wenye watoto 100 wa chini ya miaka mitatu unahitaji wahudumu watano kama kila familia itaonwa kila wiki kama Jamaica. Hatuna uwezo huo. Tukianza na wenye shida zaidi, yaani watoto ambao uzito umeshuka kwenye kadi, mapacha, mama walio peke yao na mabinti waliojifungua wakiwa bado wadogo, wahudumu wawili wanaweza kutosha. Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa hiyo ulizeni kwanza kwenye zahanati na kwa mtendaji wa mtaa kama mna wahudumu waliokwisha kufunzwa, kabla ya kutafuta wapya.

Udhaifu wake ni kwamba ziara haimshiki mtoto mama akiwa kazini. Mwanika dagaa hayuko nyumbani saa nne asubuhi. Mhudumu atabisha hodi kwenye mlango uliofungwa kufuli. Na mhudumu mwenyewe huchoka: akitembea kwa miguu juani, posho ikacheleweshwa miezi mitatu, ziara ya saa moja inakuwa ya dakika kumi, kisha inakuwa sahihi kwenye daftari. Msimlaumu. Mlipeni kwa wakati.

Uwanja wenye miti

Nilianza safari hii nikiamini uwanja ni anasa, jambo la kusubiri tukishamaliza ya lazima. Nimebadilisha mawazo.

Huko Finland, mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwenye vituo vya watoto. Walichukua nyua zilizojaa kokoto, wakaweka udongo wa msituni, nyasi na vitalu vya mimea, wakawaacha watoto wa miaka 3 hadi 5 wachezee humo. Baada ya siku 28 tu, ngozi za watoto zilikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria wasio na madhara, na vipimo vya damu vilionyesha kinga ya mwili imeboreka. Denmark, watafiti waliochambua kumbukumbu za watu zaidi ya 900,000 waliripoti mwaka 2019 kwamba waliokulia mahali penye kijani kidogo kabisa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, hadi asilimia 55, wa kupata matatizo ya afya ya akili ukubwani. Najua Denmark si Mabatini. Lakini nilivyosoma nilikumbuka lile jiwe la moto.

Maana kwetu faida ya kwanza ya mti ni kivuli. Mchana wa Septemba, mtoto anayetambaa hana pa kuweka viganja vyake: sementi inaunguza, bati linaunguza, mawe yanaunguza. Chini ya mwarobaini mmoja ulioshiba unaweza kuketisha akina mama kumi na watoto wao kuanzia saa nne hadi saa kumi. Nami nimekaa hapo. Bibi mmoja alikuwa anachambua mboga, wajukuu wawili wakichimba udongo kwa kijiko kilichovunjika, na mmoja akawa anampelekea bibi "ugali" wa udongo kila baada ya dakika chache. Bibi anapokea, anakula kwa kuigiza, anashukuru, anaomba mboga. Kumbuka yale maelezo ya muuguzi. Hakuna aliyempa bibi yule semina, ila alipewa kivuli na muda.

Aina ya mti ni jambo la kubishania na tubishane. Watu wengi wanapenda miashoki kwa sababu imesimama wima na inapendeza getini. Kivuli chake hakitoshi hata mbuzi. Mwarobaini hukua haraka, huvumilia kiangazi na huja na mwavuli mpana. Mjohoro nao ni mzuri. Mwembe una kivuli kizito kuliko yote, lakini msimu wa maembe ukifika watoto wakubwa watarusha mawe, na mawe hayo hushukia wadogo, kwa hiyo upandeni pembeni, mbali na kona ya wachanga. Wigo wa minyaa msiuweke kabisa. Najua ni rahisi, najua mababu waliutumia kwenye maboma, ila utomvu wake ukiingia jichoni mwa mtoto unaweza kumdhuru vibaya.

Mtaa mmoja jirani ulipanda miche mingi kwa sherehe, mwezi Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Septemba zilibaki fito. Pandeni Novemba vuli ikishakolea, miche kumi na mbili tu, na kila mche uwe na familia yake inayoumwagilia hadi upite kiangazi chake cha kwanza.

Uwanja pia una kasoro zake. Usipogawanywa, vijana wa mpira wanauchukua wote na watoto wa miaka mitatu wanarudi mtaroni. Inatakiwa kona ya wadogo, iliyozungushiwa kitu, yenye mchanga, bomba la kunawia na benchi linaloitazama ili mtu mzima akae. Uwanja haulei mtoto peke yake. Hauulizi kama amekula, wala haumwoni akidhoofika.

Vikikaa pamoja

Kwa fedha, kituo ni kizito mwanzo na kizito kila mwezi. Ziara hazina ujenzi, fedha yote ni mafunzo na posho, lakini haziishi. Uwanja ni nguvu za watu mwanzo, kisha maji na ufagio. Kwa umri, ziara ni za tangu mimba hadi miaka mitatu, kituo kinafaa kuanzia pale mtoto anapotembea hadi aingie darasa la awali, na uwanja ni wa wote, hata wa mama aliyechoka anayetaka kukaa robo saa bila kuitwa.

Ila kwangu kipimo kikubwa ni namna kila kimoja kinavyokufa. Kituo hufa ada zikikatika, na kinaweza kufunguliwa tena mwakani kwenye nyumba nyingine. Ziara hufa posho ikichelewa, na zinaweza kuanza upya na mhudumu yule yule. Uwanja hufa siku moja, kimya kimya. Unaamka unakuta kokoto zimemwagwa na fundi anapima msingi. Huo haurudi, wajukuu wako hawatauona.

Kwa mtaa wa mwaloni, Igombe, Kayenze na kwingine kwenye shughuli za samaki, jibu langu ni kituo, na kifunguliwe alfajiri. Maji hayasubiri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa na kingo za mito, kwa hiyo msijenge kituo hapo, na ukanda huo utumike kwa miti na nyasi pale inapowezekana, kukiwa na wigo kati yake na maji.

Kwa mtaa unaokua sasa, kama huko Buhongwa au kuelekea Kisesa, ambako bado kuna mashamba yanayokatwa viwanja, msihangaike kwanza na kituo wala ziara. Kimbilieni ardhi. Nendeni ofisi ya mipango miji mkaombe mchoro, mtafute palipoandikwa eneo la wazi, mkalione kwa macho, mkapande miti mipakani. Mkichelewa miaka mitano mtakuwa kama sisi.

Na kwa mtaa wetu wa mlimani, wenye kiwanja kimoja kilichobaki na fedha ya jambo moja, nimeamua nitasimama na mhudumu wa afya. Fedha zote ziende kwenye ziara, wahudumu wawili, mwaka mzima, posho ikiwekwa benki kabla hawajaanza. Kiwanja hakihitaji fedha hizo, kinahitaji barua, mchoro na majembe. Akina mama wa sokoni, ambao ombi lao ni la haki kabisa, niko tayari kukaa nao kuandika andiko la mkopo wa halmashauri ili kituo kianze na watoto wachache na walezi wa kutosha. Sijui kama mkutano utakubali. Jirani yangu, mama wa yule mtoto anayelala karibu na jiwe, yeye anasimama na kituo, na hoja zake si nyepesi.

Mkutano ni Jumapili saa tisa, pale pale kiwanjani. Nimemwomba mwenyekiti aje na mhuri wake, nami nakuja na nakala ya mchoro na kamba ya kupimia. Wenye watoto wadogo waje nao.